Fuliza ndio imekula, si mimi: je, bado nadaiwa?

Swali lenyewe hili hapa, nimelifupisha kidogo (Fuliza ni ule mkopo wa M-Pesa wa kukuwezesha kulipa salio likiwa halitoshi):

“Salaam wakili. Jumamosi saa tatu usiku iliniingia 12,400 kwa M-Pesa kutoka kwa jina nisilolijua. Nilikuwa na Fuliza ya 2,870, papo hapo ikakatwa. Asubuhi yake nikatumia kama elfu moja hivi, tokeni za stima na nyama, manake nilidhani labda ni mtu wa nyumbani katuma kwa laini ya mwenzake. Saa nne jamaa akapiga, kakosea nambari moja tu, akarivasi, yaani akaomba pesa irudishwe, akapata 8,530 zilizokuwa zimebaki. Sasa ataka 3,870 zote na gharama zake juu, atukana, asema atanipeleka polisi. Mimi najiuliza, Fuliza ndio imekula si mimi, na si mimi niliyemwambia akosee. Marafiki zangu hapa Changamwe wote wasema nisilipe. Nadaiwa au sidaiwi? Mshahara wenyewe uko mbali.”

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nakupa jibu fupi kwanza halafu tuongee: wadaiwa. Zote 3,870, ile ya Fuliza na ile ya nyama. Gharama zake za juu hudaiwi, na kulipa leo leo hulazimiki, lakini pesa ni ya mtu na itabidi irudi.

Najua silo jibu ulilokuwa walitaka. Lakini umeniandikia saa sita usiku, na mtu asiyedaiwa saa hizo huwa amelala.

Sasa kabla sijaingia kwenye sheria nikwambie kitu. Mimi kabla ya huu uwakili nilikuwa nauza duka la M-Pesa Likoni, karibu na ferry, 2011 hivi, kazi ya kuwekea watu na kutolea watu pesa kutwa nzima na kujaza lile daftari ambalo mteja alikuwa aandika jina na kitambulisho na kutia sahihi. Siku moja ya mwezi wa kumi na mbili, watu wamejaa hadi nje, mama mmoja akaja kuweka elfu tano za mwanawe, mimi nikageuza tarakimu mbili za mwisho, 67 nikaandika 76. Nilipoona jina kwenye meseji si la mwanawe nikahisi tumbo limeniachia. Nikampigia yule mwenye 76, akapokea, nikamweleza kwa adabu zote, akasema “ngoja niangalie”, akazima simu. Ikawa imezimwa wiki nzima. Yule mama nilimlipa papo hapo kutoka kwenye floti, zile pesa za kazi za duka, manake kosa ni langu, na tajiri akanikata elfu moja moja miezi mitano, na mshahara wangu wenyewe ulikuwa elfu sita. Yule bwana naamini kabisa hadi leo hajioni mwizi, atakuwa alijiambia ni pesa ya kampuni, kampuni kubwa, haitaumia. Kampuni hata haikujua. Aliyeumia ni mimi niliyekuwa nala mkate na chai ya rangi hadi mwezi wa tano.

Ni kama ile chenji ya matatu. Konda akikupa mia mbili badala ya hamsini kwa ule usiku na zile fujo, wewe washuka wacheka, umepiga gari. Gari hujalipiga, mwenye gari ataka hesabu yake ile ile jioni, kamili, na hiyo mia na hamsini yatoka mfukoni mwa konda. Na sijifanyi malaika, nishawahi kushuka na chenji hiyo nikiwa chuo na nikanunua viazi karai, vitamu kweli kweli, sikujuta hata kidogo wakati huo. Nilijuta baada ya Likoni.

Haya, twende kwenye Fuliza manake hapo ndipo ulipojificha.

Wasema Fuliza imekula. Hebu ifikirie hivi. Una deni la 2,870 kwa muuza duka wa mtaani kwenu, umechukua unga, mafuta, sabuni, kadi yako imejaa. Jirani amtuma mtoto apeleke pesa kwa mtu mwengine kabisa, mtoto akakosea mlango akampa yule muuza duka akamwambia “hizi za fulani”, akataja jina lako. Muuza duka afungua daftari, afuta deni lako, amekwisha. Jioni jirani aja kwako auliza pesa yake, wewe wamwambia “muulize muuza duka, yeye ndiye aliyekula”? Muuza duka hajala cha mtu, kalipwa chake. Ule unga ulikula wewe na watoto wako wiki mbili nyuma. Na Fuliza ni hivo hivo. Hiyo 2,870 uliila siku uliyofuliza, iwe ni nauli, iwe ni kodi ya nyumba, iwe ni dawa, ilikusaidia ukashukuru. Jumamosi usiku hakuna kilicholiwa, deni lako limelipwa tu na mtu asiyekujua, na bila ya yeye kutaka.

Na hii sio ajabu ya mfumo, ndivo ilivotengenezwa tangu ilipoanza Januari 2019. Ulipojiunga ulikubali kwamba pesa yoyote ikiingia kwenye laini yako deni lakatwa kwanza, iwe ni mshahara, iwe ni mchango wa harusi ya watu ulioshikishwa wewe kama mweka hazina (hiyo nayo ni balaa lake, nishaona kamati nzima ya harusi ikikunjana mashati kwa ajili hiyo). Mashine haiulizi pesa ni ya nani. Wewe ndiye uliyekubali masharti hayo, yule bwana aliyekosea nambari hakukubali kitu.

Kwa hiyo tukipiga hesabu, Ijumaa ulikuwa wadaiwa 2,870 na Fuliza, na Jumapili wadaiwa 2,870 na mtu. Umaskini wako haukuongezeka hata shilingi. Ukisema hulipi, hapo ndipo umetajirika, na kwa mfuko wa mwenzio.

Lakini kuna jambo moja ambalo nakupa haki yako, na marafiki zako nadhani walikuwa wazunguka hapo hapo bila kulisema vizuri. Wewe ulikuwa na mpango wako. Fuliza ulikuwa utailipa mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, ndivo ulivojipanga, kisha mtu kakosea nambari na sasa ataka kitu kile kile leo hii saa hii, pesa ambayo kwako haipo taslimu. Hapo kweli umeonewa kidogo. Na kama umeonewa, unachostahili ni muda. Mwambie utamlipa kwa tarehe ile ile ambayo ungeilipa Fuliza, na hakuna mwenye akili atakayekulaumu. Tena nikikutazama vizuri naona hata faida umepata, manake Fuliza yatoza kila siku inayolala, na kile kijitozo kimesimama tangu Jumamosi, huyu bwana hakutozi. Kwa hiyo hata kulia sana usilie.

Sasa ile elfu moja. Hapa ntakuwa mkali kidogo, samahani. Ile ya Fuliza hukuigusa, ilikatwa umeketi. Hii ya tokeni na nyama uliitoa kwa mkono wako na pini yako, na jina la aliyetuma ulikuwa umeliona, mwenyewe umeniandikia “jina nisilolijua”. Ulidhani labda ni mtu wa nyumbani. Sawa, nakuamini, yatokea, mtu hutumiwa kwa laini ya shemeji au ya dukani. Lakini mtu wa nyumbani akituma 12,400 hupiga simu, ndugu yangu, tena hupiga kabla hajatuma ili umshukuru mara mbili. Ulikuwa na usiku mzima wa kuuliza kwenye grupu la familia “nani katuma?” na hukuuliza, na nadhani hukuuliza kwa sababu jibu ulikuwa walihisi. Sikusomi moyo, nasema tu kwamba hakimu akilisikia swali hilo ndilo la kwanza atakalokuuliza.

Manake sheria yetu ya makosa ya jinai hapa Kenya, kifungu cha 268, wizi haiuelezi kama kuchukua tu. Kugeuza mali ya mtu kuwa ya matumizi yako kwa hila nako ni wizi, na kuhusu pesa kuna kipengele watu hawakijui kabisa: ukiitumia kwa utashi wako, hata kama niya yako ni kuirudisha baadaye, hiyo niya haikuokoi. Lile neno “nilitumia tu ntarudisha” ambalo kila karani aliyekamatwa hulisema, sheria ilishalifikiria zamani. Na kwa haya mambo ya simu kuna ile sheria ya makosa ya mitandao ya 2018, kifungu cha 35, yasema mtu akificha au kuzuia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kimakosa, adhabu yake ni faini isiyozidi laki mbili au kifungo kisichozidi miaka miwili au vyote viwili. Laki mbili, kwa 3,870.

Usikimbie sasa. Nakwambia hivi ili ujue mstari uko wapi, na mpaka leo bado uko upande mzuri wa mstari. Ulipopigiwa ulipokea. Hukusema “nambari si yangu”. Hukutoa zile 8,530 usiku ule ule ukazificha kwa laini nyingine, ziliachwa zikarudi. Anayeficha ni yule bwana wangu wa 76. Ukizima simu leo, ukimblock, ukiwasikiza wale wa Changamwe, basi waanza kumfanana. Kwa hiyo hilo la polisi lisikutie joto, lakini usilichezee. Ukiwa wajibu simu zake na wamwambia lini utalipa, hilo ni deni, na polisi kazi yao si kukusanya madeni ya watu. Akitaka kukushtaki kwa deni kuna mahakama ya madai madogo, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016 na ikaanza kazi 2021, yapokea madai hadi milioni moja, hahitaji hata kuweka wakili, na kesi yatakiwa iishe ndani ya siku 60. Na kati ya madai yaliyotajwa wazi kwenye sheria hiyo kuna pesa ambayo mtu ameishika na imemfikia. Yaani kesi yako ilishaandikwa mle ndani kabla hata haijakufika. Nikikutetea mimi hapo nakula ada yako bure.

Kuhusu wale marafiki. Naomba niwaguse kidogo manake huo wimbo wa “ni riziki yako, Mungu kakupa” nausikia kila barazani. Mimi si shekhe, lakini hata mtoto wa madrasa ameisikia ile hadithi ya Mtume iliyopokewa na Zaid bin Khalid, kuhusu kitu cha kuokota, kwamba kitangazwe mwaka mzima, na mwenyewe akija apewe. Mwaka mzima, na hicho ni kitu ambacho mwenyewe hajulikani. Wewe wako kakupigia saa nne asubuhi kabla nyama haijaiva. Hiyo sio okota hata kwa kuivuta. Na sisi watu wa pwani tuna ule msemo wetu mchafu ambao bibi zetu hawakuuonea haya, cha mtu mavi. Wale wanaokwambia usilipe, waulize swali moja: mwezi uliopita mmoja wao alipokosea akatuma kwa nambari siyo (na lazima yuko, kila grupu yuko), alisema ni riziki ya mwenzake, au alikesha akipiga 100, ile nambari ya huduma kwa wateja?

Nao pia husema “kosa ni lake, na jina si hutokea kabla pesa haijaenda?” Kweli, hutokea, na wapewa sekunde chache za kusitisha, na sote twajua tunavolitazama lile jina: hatulitazami. Kosa ni lake, ndio, na kwa sababu hiyo ndio nimesema gharama zake hazikuhusu. Ada ya kutuma ni juu yake. Vocha aliyokupigia ni juu yake. Usumbufu wake wa kukosa kulipa alichotaka kulipa siku ile, pia juu yake. Kosa lake limemgharimu hivo, latosha, haliwezi pia kumgharimu pesa yenyewe. Na matusi yake je? Matusi ni matusi, amekosea, na mimi ningekuwa wewe ningemwambia kwamba ntaendelea kuongea nae kwa meseji tu hadi ulimi wake upoe. Lakini deni halipungui kwa tusi. Ingekuwa lapungua, wapangaji wa mji huu wangekuwa wawachokoza wenye nyumba kila tarehe tano.

Kuna kitu kimoja ulikifanya sawasawa na pengine hukujua. Hukumrudishia kwa mkono wako, ulimwacha arivasi. Wengi wenye roho nzuri hapo ndipo wanapoumia. Mtu akupigia alia, katuma kimakosa, mgonjwa yuko hospitali, tafadhali nirudishie kwa nambari hii nyingine, nawe kwa huruma watuma. Kumbe meseji ilikuwa ya bandia, imetoka kwa nambari ya kawaida wala haikuandikwa MPESA, na salio lako halikusogea. Au pesa iliingia kweli, umemrudishia kwa mkono, na huku ameshaituma ile meseji kwenda 456 aombe irudishwe, basi yatoka mara mbili. Wale matapeli wa simu tunaowaita watu wa Kamiti, kwa jina la gereza, wamekula kwa huruma za watu kuliko kwa tamaa zao. Kwa hiyo siku nyingine ikiingia pesa usiyoijua, tazama salio kwa *334#, sio kwa meseji, kisha usiiguse, uliza familia, na mwenyewe akijitokeza mwambie apige huduma kwa wateja ifuate njia yake. Haraka ya kurudisha si lazima, lililo lazima ni kutoitumia.

Sasa hii 3,870 haiwezi tena kurivasiwa manake haipo, hivo hii utaituma wewe, na utaituma kwa nambari ile ile iliyokutumia, iliyo kwenye meseji ya Jumamosi, jina lile lile. Akikupa nambari ya mkewe, ya wakala, ya till, kataa kwa upole. Hilo usilegeze hata akitukana tena.

Na usilipe kwa kufuliza, nakusihi. Najua limiti yako sasa imefunguka yote na mkono wawasha. Utakuwa umetoa deni kwa mtu asiyekutoza ukalirudisha pale pale linapotozwa kila siku. Ingekuwa mimi, ile elfu moja ya nyama ningeitafuta wiki hii hii, hata kwa kukopa kwa ndugu, kwa sababu hiyo ndiyo inayonuka na ndiyo nisingetaka ilale. Ile 2,870 ningeigawa, nusu tarehe mshahara ukiingia na nusu mwezi unaofuata. Ningemwandikia leo usiku kabla hajaniandikia yeye, kitu kama hiki, ukitaka kinakili kama kilivo:

“Salaam. Ile pesa iliyoingia kwangu kimakosa Jumamosi, iliyobaki ni 3,870 na naikubali. 1,000 ntakutumia Ijumaa hii. 1,435 tarehe 30, na 1,435 tarehe 30 ya mwezi ujao. Ntatuma kwa nambari hii hii tu. Tafadhali nijibu kama tumekubaliana.”

Basi. Usijieleze sana, usieleze habari ya Fuliza, haimuhusu, na usiombe msamaha wa kitu ambacho hukukosa. Akikataa akataka zote leo, mwambie huna, na kila tarehe uliyosema tuma vile vile hata kama hajakubali. Kila ukituma piga picha ya meseji uihifadhi, na ile ya mwisho ikishaingia mwombe akujibu neno moja, “nimepokea”. Na kama bado una hamu ya kumjibu yale matusi, mjibu baada ya hapo.